Kachumbari ya Kwa Swabra

Jioni ya tatu mfululizo Tsuma aliacha kachumbari kwenye sahani. Viazi karai alivila vyote, hata kile kilichoungua upande mmoja, na ukwaju akaukomba kwa kidole. Kachumbari ndiyo aliyoisukuma pembeni kwa adabu, nyanya na kitunguu na kabeji na dania, ikakaa ukingoni ikitoa maji.

"Haikukolea?" Dhahabu aliuliza.

"Imekolea."

"Basi mbona hukula?"

"Nimeshiba, mama Mejumaa. Alhamdulillahi."

Dhahabu alichukua ile sahani akaenda nayo uani. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kununa, na kwa Tsuma aliolewa akiwa na miaka ishirini. Alimjua. Tsuma ni fundi wa tuktuk, anashinda amelala chini ya injini za watu, na akirudi nyumbani njaa yake huwa ya mtu aliyefunga. Tena tangu ujana wake hakiwezi chakula bila kachumbari. Mtu kama huyo hashibi kwa viazi sita. Ikiwa kashiba, basi kuna mahali alikoshibia.

Na mahali penyewe Dhahabu alipajua. Ukitoka langoni kwao pale Bofu, mtaa wa Likoni, ukapita nyumba nane kuelekea stendi ya tuktuk, utakuta banda la Tsuma upande wa kushoto. Upande wa kulia, ukitupa jiwe halikosi, ndipo penye benchi la Swabra.

Swabra alikuwa mtalaka, rika la Dhahabu, mwenye dera jipya kila Ijumaa na hina isiyowahi kuchujuka viganjani. Aliuza vile vile anavyouza Dhahabu: viazi karai, bhajia na kachumbari. Lakini watu walipita mbele ya meza ya Dhahabu, wakamsalimia vizuri, wakamuuliza hali ya mtoto, kisha wakaenda kula mbele. "Twende tukale kachumbari ya kwa Swabra," walisema, kana kwamba hicho ni chakula kingine chenye jina lake. Hakuna aliyewahi kusema kachumbari ya kwa Dhahabu.

Kumwonea mtu wivu wa biashara ni taabu. Kumwonea wivu wa mume ni taabu nyingine. Dhahabu alikuwa na zote mbili, na zote zilivaa dera moja. Alimwaga ile kachumbari kwenye ndoo ya kuku wa jirani, akaosha sahani kwa hasira mpaka ikapata mkwaruzo.

*

Asubuhi Kaingu alileta maji kwa mkokoteni wake, mtu mzima wa makamo anayeuzia maji mtaa mzima na kujua kila nyumba inakoga mara ngapi.

"Dhahabu, nimekukosea nini?" alisema akiteremsha mtungi mmoja. "Zamani ulichukua minne. Tangu Idi imepita, wachukua mmoja tu, wa kunywa na wa chai. Umepata mchuuzi mwingine?"

"Sijapata mtu. Siku hizi mboga naziosha kwa maji ya chumvi. Ndiyo sheria mpya."

"Sheria ya nani?"

Dhahabu alimwonyesha kwa kidevu. Ukutani, juu ya meza ya biashara, kilining'inia cheti ndani ya karatasi ya plastiki, chenye muhuri wa kaunti na jina lake zima.

Cheti hicho alikipata baada ya Idi, kwenye semina ya wauzaji chakula. Walikaa wanawake arobaini na wawili ukumbini, wakanywa chai ya maziwa, wakapewa aproni nyeupe, na mbele yao akasimama Bwana Afya mpya, kijana wa bara aitwaye Phineas, ndiyo kwanza ana miezi mitatu Likoni. Aliwaeleza habari za vidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyokaa kwenye majani ya mboga na kumwingia mtu anayezila mbichi. Kiazi hakina shida, alisema, mafuta yanaua kila kitu. Shida ni kachumbari.

"Mboga yote ya kuliwa mbichi, muoshe na maji ya chumvi," alisema. "Mloweke dakika kumi na tano. Maji gani?"

"Ya chumviii!" waliitikia kina mama.

"Sijasikia!"

"Ya chumviii!"

Sasa, Likoni kuna maji ya aina mbili na mtoto wa miaka mitatu anazijua. Kuna maji matamu, ya bomba, yanayokuja kwa mkokoteni na kulipiwa. Na kuna maji ya chumvi, ya kisimani, ya bure, ya kupigia deki na kumwagia choo. Kisima cha ploti ya kina Dhahabu kilikuwa nyuma ya nyumba, hatua kumi na moja kutoka vyooni. Siku ile ukumbini wanawake wengine walitazamana. Lakini nani atanyoosha mkono mbele ya watu arobaini kumsahihisha mtu wa serikali aliyevaa tai? Dhahabu alirudi nyumbani akifikiri njia nzima, na kabla hajafika alikuwa ameshapata jibu. Samaki ng'onda haozi kwa sababu ya chumvi. Basi vidudu navyo chumvi itavikausha. Akachota ndoo kisimani, akaloweka kabeji na dania dakika kumi na tano kwa saa ya simu, na tangu siku hiyo hakukosa hata mara moja.

Kaingu alikitazama cheti, akacheka. "Maji ya chumvi si ndiyo tumwagiayo choo?"

"Wewe lazima useme hivyo. Mkate wako ni maji matamu."

"Haya. Swabra mwenzio yeye huchukua mitungi mitano."

"Swabra hakuja semina. Alikuwa Msambweni auguza mamake. Atajuaje sheria?"

Kaingu alishika mikono ya mkokoteni, akasita. Alikuwa mtu mwema, ila mdomo wake ulikuwa haujui kuondoka bila kuacha kitu. "Fundi naye namwona pale kila adhuhuri. Yuwala."

"Yuwala nini?"

"Kachumbari. Sahani nzima, wala hatii kiazi."

*

Adhuhuri Dhahabu alivaa buibui lake, akashika njia. Mvua ya masika ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na madimbwi yalijaa mpaka kwenye vizingiti. Alisimama nyuma ya tuktuk iliyotolewa magurudumu, akachungulia.

Ni kweli. Tsuma alikuwa ameketi kwenye benchi la Swabra na sahani ya kachumbari mapajani, anakula kwa ule utaratibu wake wa kuanza na nyanya. Swabra alisema jambo, Tsuma akacheka. Dhahabu alijaribu kukumbuka mara ya mwisho Tsuma kucheka akila kwake, akakosa. Alipomaliza, Tsuma alisukutua kinywa kwa maji, akatoa iliki mfukoni, akatafuna. Halafu akapangusa midomo kwa mgongo wa mkono mara mbili, akavuka barabara kurudi kazini.

Iliki ndiyo iliyomuua Dhahabu. Mtu akila chakula tu, anaficha harufu ya nini?

Alisubiri Tsuma aingie chini ya injini, kisha akajitokeza. Wateja sita walikuwa kwenye foleni. Swabra alimwona, akatabasamu kwa desturi ya biashara.

"Karibu, bibi. Viazi au bhajia?"

"Nimekuja kumtazama anayenilishia mume."

Swabra aliweka chini kijiko.

"Mumeo huniambia nimpe kachumbari. Nampa kachumbari. Hajaniomba jingine."

"Kwani kwangu hakuna kachumbari?"

Swabra alifungua kinywa kama mwenye la kusema, akamtazama Dhahabu usoni, kisha akachukua kitambaa akaanza kupangusa benchi lililokuwa safi. "Hilo muulize mwenyewe."

"Nakuuliza wewe!"

"Bibi wee, mume si kiazi, mimi simkaangi. Akitaka kukaa atakaa, akitaka kuondoka ataondoka."

Mtu mmoja kwenye foleni alicheka, na kicheko kikawashika wote. Dhahabu alihisi uso unamwaka mpaka masikioni. Macho yake yakaangukia beseni chini ya meza, dania imelowekwa humo, na kando yake mitungi ya Kaingu.

"Waosha mboga kwa maji matamu?" alisema. "Hata sheria huijui."

"Sheria gani?"

"Utaijua."

Alirudi nyumbani kupitia madimbwi, na kile kicheko kilimfuata nyumba zote nane.

*

"Wenda kula kwa Swabra," alimwambia Tsuma jioni, hata viatu hajavua.

Tsuma alikaa kwenye ngazi. Alitazama mikono yake yenye grisi, akaigeuza huku na huku. "Nimekula, ndiyo."

"Kila siku."

"Mama Mejumaa, sikiza. Siku hizi tumbo langu…"

"Tumbo lako lamjua Swabra! Tumbo lako lina miguu, lavuka barabara!"

"Mimi nataka kukwambia kwamba…"

"Usinambie! Nimechekwa leo mbele ya watu kwa ajili ya tumbo lako. Kitu gani alichonacho yule? Hina? Mimi naweza kupaka hina!"

Tsuma alikuwa mtu wa maneno machache, na yale machache yakikatwa mara mbili hayarudi. Alimkumbuka Dhahabu mwaka juzi, mteja mmoja aliposema viazi vyake vimezidi chumvi, alivyofunga biashara siku nne akalala kifudifudi. Akavua viatu, akaenda kuoga.

Dhahabu alibaki na hakika yake. Mtu asiye na kosa angejitetea.

*

Wiki mbili zilizofuata mtaa mzima ulishikwa na tumbo la kuendesha. Madereva wa tuktuk walikuwa wakiacha abiria njiani. Mwalimu wa madrasa alifuta darasa. Kwenye dispensari foleni ilitoka mpaka nje ya geti, na muuguzi aliwauliza wote swali moja, umekula nini kibichi, na wote walijibu neno moja, kachumbari. Ya wapi? Hapa na pale, walisema, kwa kuwa Bofu mtu hula anapokutwa na njaa.

Dhahabu aliposikia habari hizo alifurahi. Ni aibu kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa. Alivaa aproni yake nyeupe juu ya buibui, akaenda ofisini kwa Bwana Afya. Njiani alijiambia kwamba haendi kwa sababu ya mume, anakwenda kwa ajili ya afya ya watu. Alijiambia mara kadhaa.

"Namjua anayewaharisha watu," alimwambia Phineas. "Yuaitwa Swabra. Hana cheti. Na mboga haoshi kwa maji ya chumvi, nimeona kwa macho yangu haya."

Phineas aliandika. Alikuwa kijana mwenye bidii na uso uliochoka, na foleni ya dispensari ilikuwa imemnyima usingizi. "Asante sana, mama. Wangekuwa wote kama wewe, hii kazi ingekuwa rahisi."

Jumatatu alikuja na mwenzake na mifuko midogo ya plastiki. Kwa Swabra alichukua dania, kabeji na kachumbari iliyokwisha katwa, akaandika namba juu ya kila mfuko. Kisha akamwambia afunge mpaka majibu ya maabara yatoke, kwa kuwa hana cheti. Swabra hakupiga kelele. Alimwaga mafuta kwenye mtungi, akazima jiko, akakunja meza huku watu wakitazama. Dhahabu alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, mikono kwenye mifuko ya aproni.

"Ahsante, Dhahabu," Swabra alisema, basi, wala hakuongeza.

Phineas akaja na kwa Dhahabu. "Mama, na wewe nitachukua kidogo, watu wasiseme nimependelea."

"Chukua, baba! Chukua tele!" Dhahabu alijaza mfuko kwa mkono wake mwenyewe, akausukuma mpaka majani yakabanana.

*

Juma lile lilikuwa lake. Wateja walijaa mpaka wakakalia mawe. Alikaanga mara mbili kwa jioni, akakata kabeji nne badala ya moja, akaloweka na kuloweka. Walimwita mama cheti. Mejumaa, bintiye wa miaka tisa, ambaye kachumbari haiweki mdomoni kwa ajili ya pilipili, alipewa kazi ya kukusanya sahani, akaambiwa asiguse jiko. Dhahabu mwenyewe, kama wakaangaji wengi, alishiba kwa moshi; akimaliza kazi alikunywa chai ya rangi na mkate.

Na Tsuma sasa hakuwa na pa kwenda. Jumatatu jioni aliketi, akaletewa sahani yake. Dhahabu alisimama juu yake, mikono kiunoni, lakini uso wake ulikuwa unacheka, uso wa zamani kabisa.

"Leo utakula ya mkeo, au ungali umeshiba?"

Tsuma aliitazama kachumbari. Alimtazama mkewe. Akaanza na nyanya.

Alikula yote. Dhahabu akamwongeza, akala na hiyo, na Dhahabu akakaa kando yake kwenye ngazi, bega kwa bega, jambo ambalo hawakulifanya tangu mfungo. Jumanne alikula. Jumatano alikula, ingawa alitoka jasho na kusema joto la leo halina mfano. Alhamisi aliamka mara nyingi kwenda uani, na Dhahabu alilala usingizi wa mshindi asisikie kitu. Mume amesharudi, alitaka nini tena?

Ijumaa saa nne asubuhi Kaingu alikuja mbio bila mkokoteni. "Dhahabu! Fundi kaanguka bandani. Yuatapika, na huko nyuma yatoka damu."

Walimpakia kwenye tuktuk aliyokuwa akiitengeneza. Ilipigwa teke mara tatu ikawaka.

*

Hospitali ya serikali walimtundikia dripu mbili. Daktari alisema ni ameba, imemla utumbo kwa muda, tena amekaukiwa maji mno. Angechelewa siku moja wangekuwa wanasema mengine. Dhahabu alikaa naye mpaka Jumamosi adhuhuri, akarudi nyumbani kuchukua nguo safi. Alimkuta Phineas amesimama langoni na bahasha.

"Shikamoo mama," alisema. Hakuwa na ile sauti yake ya ukumbini.

"Marahaba. Umeleta majibu ya Swabra? Mume wangu yuko kitandani kwa ajili yake yule. Sumu yake haijamtoka bado."

"Mama, tukae chini."

"Nambie nimesimama."

"Ya Swabra iko sawa. Hawakupata kitu." Alifungua bahasha, akaikunjua karatasi ingawa alishaijua kwa moyo. "Hii ya kwako ndiyo ina ameba. Na mayai ya minyoo. Mengi. Daktari wa maabara aliniuliza kama hiyo mboga ilitolewa chooni."

Dhahabu alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha mtu aliyepewa chenji isiyo yake. "Mumebadilisha mifuko."

"Hatukubadilisha. Wewe huosha na nini?"

"Maji ya chumvi! Kama ulivyotufundisha. Dakika kumi na tano, sikukosa hata siku moja, muulize mtoto."

"Chumvi unaweka ngapi?"

"Niweke chumvi ya nini? Si yana chumvi yenyewe?"

Phineas alimtazama bila kuelewa. Dhahabu akamshika mkono wa shati, akampeleka nyuma ya nyumba, akapita vyoo, akasimama kwenye kisima. Mvua ilikuwa imejaza kisima mpaka karibu na mdomo. Ndoo yake ilikuwa pale pale juu ya jiwe, na jani moja la dania limegandia ubavuni.

"Haya hapa," alisema. "Maji ya chumvi."

Kijana alitazama kisima. Aligeuka akatazama vyoo, akarudi kutazama kisima. Midomo yake ilisogea kama anayehesabu hatua.

"Hiyo ndiyo mnaita maji ya chumvi?"

"Kwani huko kwenu mwayaitaje?"

"Mimi nilisema…" Alivua kofia yake ya kazi, akakaa juu ya jiwe kando ya ndoo, tai na yote. "Nilimaanisha maji safi. Maji safi ya bomba, ndiyo uweke chumvi kijiko. Hata hiyo chumvi ni ya kusaidia tu majani yaachie uchafu. Kitu ya maana ni maji iwe safi. Mama, mlikuwa wangapi kwenye semina?"

"Arobaini na wawili."

Dhahabu alisimama juu yake na kwa mara ya kwanza alimwona jinsi alivyo mdogo, hata miaka ishirini na sita hajafika. Alitaka kumlaani na laana haikuja, kwa sababu jambo moja lilimzuia. Yeye amezaliwa Likoni. Yeye alijua yale ni maji gani. Kaingu alipocheka, alijua. Ila siku ile alipokiona kile cheti chenye jina lake, na jina la Swabra halipo popote, maji yale yaligeuka kuwa kitu alichonacho yeye na mwenzake hana. Na hapo hakutaka tena kuulizwa.

*

Tsuma alikuwa ameketishwa na mto mgongoni, ngozi ya uso imemlegea. Dhahabu alimbadilisha shati, kifungo kwa kifungo.

"Ulijua?" aliuliza hatimaye.

"Sikujua kama ni maji. Nilijua nikila yako kesho yake sitoki uani, nikila ya kule sina neno. Nikaona labda tumbo langu limezeeka."

"Hukunambia."

"Nilianza. Ukanikata."

"Na iliki?"

"Usinuse dania ukaumia."

Dhahabu alifunga kifungo cha mwisho, akakifungua, akakifunga tena. "Juma hili basi, mbona ulikula? Wajua yakudhuru, mbona ulikula, Tsuma? Hata kuongezwa ukaongezwa!"

Tsuma alifikiri. Alikuwa mtu wa kweli na hakutaka kusema zaidi ya ilivyokuwa. "Ulikuwa umefurahi," alisema. "Siku nyingi sijakuona umefurahi."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alijigeuza akawapa mgongo. Dhahabu alikaa chini. Lilikuwapo swali moja limebaki, na alijua asingelala bila kuliuliza.

"Yeye ulimwambia? Habari ya tumbo?"

"Swabra? Aliniuliza mbona naacha ya nyumbani kwangu. Nikamwambia. Nikamwomba asikwambie."

Hapo Dhahabu alijua kitu ambacho hakukijua siku ile nyuma ya tuktuk. Alikuwa amemwonea wivu Swabra kwa sababu ya hina, dera, foleni, na mambo aliyoyawaza akiwa peke yake na ambayo hayakuwapo. Yote hayo yangekuwa rahisi kuliko hili. Mumewe alikuwa na neno la kweli moyoni, akatafuta wa kumwambia, akavuka barabara.

*

Jumanne Tsuma alirudi nyumbani na dawa za siku kumi. Meza ya Dhahabu ilikuwa imefungwa kwa amri, na cheti kilikuwa bado ukutani kwa sababu hakuna aliyekumbuka kukiondoa. Phineas alikuwa akizunguka mtaani kwa miguu, mlango kwa mlango, akiwa na orodha ya majina arobaini na mawili na chupa ya maji matamu mkononi ya kuonyeshea.

Alasiri Dhahabu alitoka bila buibui, leso tu kichwani. Swabra alikuwa amefungua. Foleni ilimwona akija, ikajibana, wengine wakatoa simu wajifanye wanasoma. Hakwenda nyuma ya tuktuk. Alikwenda kwenye benchi, akakaa mahali anapokaa Tsuma.

"Nipakulie," alisema.

"Viazi au bhajia?"

"Kachumbari. Usitie kiazi."

Swabra angeweza kusema mengi, na watu wote pale walikuwa wakiyasubiri, mmoja wao hata alisogea apate kusikia vizuri. Alichukua sahani, akapakua, akakamua ndimu, akamwekea mapajani.

"Fundi hajambo?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hajambo. Alikwambia usinambie?"

"Aliniapisha."

"Siku ile nilipokuja, ungenambia tu. Hata kwa kunitukana."

"Ulikuja kusikiza wewe?" Swabra alisema. Aligeukia karai lake.

Dhahabu alitia kijiko kinywani. Aliomba, Mungu amsamehe, iwe mbaya. Iwe na mchanga, iwe imechacha, kitunguu kiwe kikali hakikukamuliwa, iwe na kasoro yoyote ya kwenda kulala nayo. Ilikuwa tamu. Kabeji ilikuwa inaruka chini ya meno, dania ilinuka kama imechumwa saa hiyo, ndimu na pilipili vilikwenda sawa bila mmoja kumpiga mwenzake. Ilikuwa tamu kuliko yake, na ingekuwa tamu kuliko yake hata kama maji yangekuwa mamoja. Machozi yalimshuka, akaendelea kutafuna, yakaingia sahanini.

"Pilipili nyingi?" Swabra aliuliza bila kugeuka.

"La. Haina neno."

Alikula mpaka sahani ikawa tupu, akaanza na nyanya akamaliza na nyanya. Kisha akainyoosha ile sahani mbele, mbele ya foleni nzima.

"Niongeze," akasema.